Nilikuwa Natania Tu

Mtu akimwambia mwenzake neno la mzaha, na mwenzake akaumia, kosa ni la nani? Ni la aliyesema, au ni la aliyesikia vibaya? Swali laonekana dogo, lakini watu wa ndoa wanajua uzito wake. Kuna nyumba ambazo hazikuguswa na ulevi wala kofi, ila ufa uliingia siku mmoja alipoandika maneno machache kwenye simu, na mwenzake akayasoma peke yake usiku. Anayelaumiwa hujitetea: "Nilikuwa natania tu." Aliyeumia hujibu: "Huo si utani." Kisha kila mmoja huenda kutafuta mashahidi kwa ndugu zake, na ndugu, kama tujuavyo, hawakosi la kusema.

Mwezi huu, wapenzi wasomaji, hebu tulitazame swali hilo bila haraka. Tutaanzia mahali ambapo si rahisi kulikwepa, yaani Ogwedhi.

Ndoa za mpakani

Ogwedhi iko pale kaunti ya Migori inapokutana na kaunti ya Narok, upande wa Trans Mara. Huku ni mashamba ya Wajaluo, kule ni malisho ya Wamaasai. Wakuria na Wakisii hawako mbali, na barabara kuu ya kutoka Migori kwenda Isebania humfikisha msafiri Tanzania kabla hajachoka. Mahali penye mpaka wa namna hiyo watu huuziana ng'ombe na nafaka, vijana huonana, na wakionana huoana. Kuna wazazi walioapa kwamba mtoto wao hataoa ng'ambo, na leo wanabeba wajukuu wanaosema lugha mbili.

Jambo la pili ni kazi. Mume yuko Nairobi au Mombasa, mke amebaki na watoto na shamba. Siku hizi pengine mke ndiye aliyekwenda Saudia au Qatar, na mume ndiye anayepeleka watoto shuleni. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, simu imekuwa mkoba wa nyumba. WhatsApp ilipofuata, simu ikawa pia sebule ya ukoo. Mashauri, ugomvi, mapatano na mapenzi, yote yanapita katika kioo kidogo kisicho na sauti wala macho.

Tuchukue mfano. Mume ni Mjaluo wa Ogwedhi, anafanya kazi Nairobi. Mke ni Msukuma kutoka Mwanza. Walifunga ndoa kanisani, wana watoto watatu, na mke anakaa nyumbani karibu na wazazi wa mume. Hawa ni watu wa mfano tu, lakini twadhani wasomaji wetu wengi watawatambua.

"Nipe" na "naomba"

Mume anaandika kutoka kazini: "Peleka mtoto kliniki kesho. Tuma hesabu ya mbolea. Nipigie saa mbili." Hakuna salamu, hakuna "tafadhali". Mke anasoma mara mbili. Kwao Mwanza hata mwenye pesa mkononi akifika dukani husema, "Naomba soda." Kusema "nipe" kwa mtu mzima ni kumfanya mtumwa wako. Basi anajiuliza: nimeolewa na mume au na nyapara?

Mume hana habari. Alikozaliwa, mtu husema "nipe soda" naye ni mtu mwema, na muuza duka humpa soda pamoja na tabasamu. Kwa Wakenya wengi wa bara, Kiswahili ni lugha ya pili, waliyoipata shuleni, sokoni na kazini. Heshima yao haikuwekwa kwenye neno "naomba". Imewekwa katika namna ya kusalimia, katika majina ya ukoo, katika sauti, na katika kujua nani huketi wapi. Hayo yote hayakuingia kwenye ujumbe wake. Kilichoingia ni amri tatu kavu.

Sasa mke naye anaandika: "Samahani mume wangu, pole na kazi. Naomba, kama utapata nafasi, uangalie habari ya ada ya mtoto. Si lazima iwe leo." Mume anasoma, anafurahi kuwa na mke mpole, anaweka simu mfukoni. Amesoma "si lazima iwe leo" kama ilivyoandikwa. Siku ya nne mtoto anarudishwa nyumbani kutoka shuleni. Mke analia: "Nilikuomba!" Mume anashangaa: "Ulisema si lazima!" Wote wawili wanasema kweli, na mtoto yuko nyumbani.

Tukiishia hapo, tutasema kwamba Mkenya ni mkavu na Mtanzania anazungukazunguka, basi. Watu wengi huishia hapo, na ndiyo maana hawajifunzi lolote. Hebu tuendelee hadi kwenye jambo la pili.

Mzaha wakati wa msiba

Mjomba wa mume, mzee aliyeheshimiwa, anafariki. Habari inatangazwa katika kundi la simu la familia, ambamo wakwe wa Mwanza nao wamo. Kaka wa mke anaandika: "Poleni sana. Lakini mzee ameondoka bila kunilipa yule jogoo wangu. Mzikeni, ila jogoo namtaka." Mke anajibu kwa ile alama ya uso unaocheka hadi machozi kutoka.

Kundi zima linanyamaza. Mama mkwe anaonyeshwa simu, anayaona machozi, anasema mkaza mwana wake amelia vizuri. Kisha kijana mmoja anamweleza kwamba uso ule haulii, unacheka. Usiku ule mume anamwandikia mkewe: "Ndugu yako hana adabu, na wewe ni wale wale."

Wale wale! Neno hilo moja limewatukana baba, mama na ukoo wa mkewe. Mke haelewi. Kaka yake alikuwa ametuma rambirambi asubuhi hiyohiyo, kabla ya wengine wote. Alifanya kile ambacho mtu wa kwao angemshukuru kwacho.

Kwa maana katika Tanzania utani ni desturi iliyokamilika. Wapare na Wachaga ni watani, Wahehe na Wangoni ni watani, Wazaramo na Wasukuma vivyo hivyo. Baadhi yao walipigana vita karne ya 19, na vita vilipokwisha wakabaki wakichokozana kwa maneno. Penye msiba mtani huja akimwigiza marehemu, akidai madeni ambayo hayapo, hata akilizuia jeneza lisitoke mpaka apewe chochote. Waliofiwa hucheka katikati ya machozi. Mtani huyohuyo huwasaidia kazi za mazishi. Mzaha wake ni huduma. Anachukua sehemu ya uzito ambayo ndugu wa damu hawezi kuichukua.

Hapa basi yule Mtanzania wa "naomba", aliyeonekana mwenye kuzungukazunguka, ndiye aliyesema neno kavu mbele ya maiti. Na yule Mkenya wa "nipe", aliyeonekana mkavu, ndiye anayetetemeka kwa kuvunjiwa heshima. Maana kwa Wajaluo wakwe huchungiana sana. Mtu na mama mkwe wake hawazoeani ovyo, na neno la mkwe hupimwa kabla ya kutoka. Utani wanao, tena mtamu. Bibi huweza kumwita mjukuu wake wa kiume "mume wangu", na mjukuu akamjibu kwamba hatamwoa mpaka ajue kupika. Hakuna anayekasirika. Utani umewekwa pale, haukuwekwa kwa wakwe.

Vivyo hivyo kwa kujisifu. Wajaluo wana desturi ya pakruok. Katika ngoma ya nyatiti mtu alimsimamisha mpigaji, akatoa pesa, akajisifu yeye na watu wake kwa maneno makubwa, na wote wakafurahi. Mume wa mfano wetu akiwa na furaha humwandikia mkewe kwamba yeye ni ndovu wa Ogwedhi, akipiga hatua Nairobi inatikisika. Mke, ambaye bado anaingoja ile ada, anajiuliza ndovu huyu amekunywa nini.

Milango ya kila nyumba

Hili ndilo twataka wasomaji wetu walishike. Hakuna watu wakavu wala watu wa mafumbo. Kila jamii ina mlango ulio wazi na mlango uliofungwa, ila milango haiko upande mmoja. Kwa mmoja, kuomba kumefungwa kwa adabu, na msiba uko wazi kwa mzaha. Kwa mwingine, kuomba kuko wazi, na msiba umefungwa. Anayeingia nyumba ya mwenzake kwa mazoea ya kwao atagonga kichwa ukutani, tena akiwa na nia njema kabisa.

Mtaalamu mmoja wa mila, Radcliffe-Brown wa Uingereza, aliandika juu ya jambo hili mwaka 1940. Aliona kwamba kumwogopa mama mkwe na kumtania shemeji, ijapokuwa vinaonekana kupingana, vinafanya kazi moja. Ndoa inawaunganisha watu ambao bado ni wageni kwa wageni, na wageni waliounganishwa waweza kugombana. Basi desturi ikaweka njia mbili za kuzuia ugomvi. Ama mnaheshimiana hata msikaribiane sana, ama mnatukanana kwa mapatano kwamba hakuna atakayekasirika. Heshima na utani ni nyua mbili za boma moja.

Tena angalia: mtani hachagui mwenyewe kuwa mtani. Anapewa ruhusa. Ruhusa hiyo ina watu wake, ina mahali pake, na inakwenda pande zote mbili. Ninayekutania, nawe una haki ya kunitania. Kaka wa mke hakuwa mwovu. Aliitumia ruhusa ya kwao mahali ambapo hakuwa amepewa.

Neno lisilo na mchungaji

Je, angelisema maneno yaleyale akiwa amesimama uani, mkono wake ukiwa juu ya bega la mfiwa? Pengine watu wangeona macho yake mekundu, wakasikia sauti iliyovunjika, wakaelewa. Mzaha wa mdomoni una wachungaji, nao ni sauti, uso na mkono. Mzaha wa simu unatembea bila mchungaji.

Hata wasomi yaliwakuta. Mwaka 1982, katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, Marekani, watu waliokuwa wakiandikiana kwa kompyuta walifanya mzaha kwamba lifti moja imemwagika zebaki. Wengine waliosoma walidhani ni onyo la kweli. Ndipo mwalimu mmoja, Scott Fahlman, tarehe 19 Septemba mwaka huo, akapendekeza kwamba anayetania aweke alama ya nukta mbili, kistari na mabano, zionekane kama uso unaocheka umelala ubavu. Kutoka wazo la namna hiyo leo tuna nyuso za kila aina kwenye simu. Walakini, kama tulivyoona kwa yule mama mkwe, hata nyuso zenyewe zahitaji kutafsiriwa.

Mwaka 2005 Justin Kruger, Nicholas Epley na wenzao, nao wa Marekani, walitangaza majaribio waliyoyafanya. Watu waliambiwa waandike sentensi, nyingine za kweli na nyingine za kejeli, kisha wabashiri kama wasomaji watazitofautisha. Waandishi walitazamia kueleweka karibu mara 78 katika kila 100. Waliosikia sentensi kwa sauti walipatia karibu mara 73. Waliosoma tu walipatia karibu mara 56, na anayebahatisha kwa kurusha sarafu hupatia 50. Yaani mwandishi huisikia sauti yake mwenyewe kichwani akidhani imekwenda pamoja na maneno. La hasha, sauti imebaki kwake.

Na hawa walikuwa watu wa nchi moja, wenye lugha moja. Sembuse Mwanza na Ogwedhi!

Kosa basi ni la nani?

Turudi kwenye swali letu. Wengine husema kinachohesabika ni nia: sikukusudia kukuumiza, basi sina kosa. Wengine husema kinachohesabika ni jeraha: nimeumia, basi una kosa. Kila upande una ukweli, na kila upande ukiwa peke yake unabomoa nyumba. Tukifuata nia tu, mtu ataumiza wenzake maisha yake yote bila kudaiwa, kwa kuwa hakuna awezaye kuingia moyoni mwake kukagua. Tukifuata jeraha tu, yule aliye mwepesi wa kuumia ndiye atakayetawala nyumba, na mwenzake atajifunza kunyamaza.

Watu wa Ogwedhi, wenye mashamba upande huu na mifugo upande ule, wanaijua kesi inayofanana na hii. Ng'ombe wa jirani akivunja ua usiku na kula mahindi yako, mwenye ng'ombe hakumtuma. Wazee wenye busara wakiketi hawatamwita mwizi. Lakini pia hawatakuambia wewe urudi nyumbani kwa sababu jirani hakukusudia. Mahindi yameliwa, na anayestahili kulipa yuko. Wewe nawe una wajibu. Huna ruhusa ya kumkata ng'ombe yule kwa panga kabla ya kumwita mwenyewe. Ukimkata, kesi inageuka, na aliyekuja kudai anarudi na deni.

Maneno yetu ni ng'ombe wetu. Nia inajibu swali moja: Je, wewe ni adui yangu? Madhara yanajibu swali lingine: Je, kuna deni hapa? Ugomvi mwingi wa ndoa unatokea kwa kuwa mmoja anauliza swali la pili, na mwenzake anajibu la kwanza. Mume asema, "Nimeaibishwa mbele ya ukoo." Mke ajibu, "Kaka yangu anakupenda." Yote ni kweli, lakini hawajazungumza bado.

Katika mfano wetu, shemeji yule si adui, na hapaswi kuitwa mtovu wa adabu. Lakini deni lipo. Yafaa apige simu, kwa sauti na si kwa maandishi, awaambie wazee pole, aeleze kwamba kwao ndivyo watu wanavyofarijiana. Mke naye, aliyekaa Ogwedhi miaka mingi na kuijua milango ya pale, yafaa awe wa kwanza kumwonya kaka yake badala ya kumchekea. Na mume ana deni kubwa kuliko wote, kwa sababu yeye hakuvunjiwa ua tu, alichukua panga. "Ninyi ni wale wale" halikuwa neno lililopotea njia. Alilituma.

Mzaha wa upande mmoja

Tusiwe wepesi mno, lakini, wa kuamini kila "nilikuwa natania". Kitabu cha Mithali, katika sura ya 26, kinamfananisha mtu amdanganyaye jirani yake na kusema kwamba alikuwa anacheza tu, na mwendawazimu arushaye moto na mishale. Mtu huyo yupo hata leo, na wengine wamemwoa au wameolewa naye. Kila siku ni mzaha juu ya unene wa mke, juu ya mshahara mdogo wa mume, juu ya mwenzake asiyepata mtoto. Akiulizwa, asema mwenzake hajui kucheka.

Kipimo chake ni kile cha watani wenyewe. Je, naye hukubali kutaniwa? Mzaha urudishiwe yeye, mbele ya watu walewale, juu ya jambo linalomuuma yeye. Akicheka, ni mtani. Akiwaka, basi ule haukuwa utani, ulikuwa dharau iliyovaa nguo ya kuazima. Dharau ya namna hiyo haitibiwi kwa kujifunza kucheka. Anayeipata ana haki ya kusema "acha", na asiposikilizwa, ana haki ya kuwaita wasimamizi wa ndoa au padre.

Kadhalika mizaha ya kabila. Baada ya damu iliyomwagika Kenya mwaka 2007 na 2008, Bunge lilipitisha sheria ya uwiano na utangamano wa kitaifa mwaka huohuo wa 2008, nayo inaiadhibu dharau ya kikabila. Sheria haiingii sebuleni kwenu, lakini watoto wamo. Mtoto wa baba Mjaluo na mama Mmaasai akisikia kila jioni jinsi watu wa mama walivyo wajinga, au watu wa baba walivyo wenye majivuno, amechekwa nusu yake. Hawezi kuchagua ni nusu ipi icheke na ipi inyamaze.

"Mimi nasema wazi"

Kuna na ndugu yake yule wa "natania tu", naye ni yule asemaye, "Mimi sifichi, nasema wazi." Ukweli ni deni kwa mwenzako, hilo halina ubishi. Lakini ukweli haujafika mpaka uwe umepokelewa. Anayemtupia mwenzake chakula usoni hawezi kusema kwamba amemlisha. Na yule mwingine afichaye haja yake katika "si lazima" tatu, kisha akamlaumu mwenzake kwa kutoiona, naye hajasema ukweli wake. Upole usioeleweka humwachia mwenzako kazi ya ubashiri.

Hayati Papa Fransisko, katika waraka wake wa mwaka 2016 juu ya furaha ya upendo katika familia, aliyataja maneno matatu ambayo nyumba haipaswi kuyakosa: naomba, asante, samahani. Mume wetu wa Ogwedhi yafaa ajifunze neno la kwanza, hata kama kwao halikuhitajika, kwa sababu mkewe analihitaji. Na mke yafaa ajifunze kuongeza baada ya "naomba" ile siku yenyewe: "Naomba ada kabla ya Ijumaa, la sivyo mtoto atarudishwa." Hapo kila mmoja amekwenda nusu ya njia, na hakuna aliyeacha ukoo wake.

Wala tusifikiri kwamba dawa ni kuacha mzaha. Mtakatifu Thoma wa Akwino, aliyeandika katika karne ya 13, alifundisha kwamba mchezo na kicheko vina fadhila yake, na kwamba mtu asiyecheka kamwe na kuwaharibia wengine furaha yao naye ana kosa. Nyumba isiyo na utani ni ofisi. Kinachotakiwa ni mzaha wenye mchungaji.

Mambo ya kutenda

Kwanza, simulianeni. Utotoni mwako ulimtania nani, na nani hukuthubutu kumtania? Kwenu mtu anaombaje? Watu walifarijiwaje wakati wa msiba? Jioni moja ya mazungumzo hayo yaweza kuwaokoa katika magomvi mengi.

Pili, kuna mambo yasiyofaa kutaniwa kwa maandishi, hasa wazazi, pesa, mwili, uzazi, na wafu. Mkiyatania, iwe ana kwa ana.

Tatu, ukisoma neno lililokuuma, usijibu kwa maandishi. Piga simu, uulize: "Ulimaanisha nini?" Kisha ungoja jibu. Kumwachia mwenzako zile alama mbili za buluu usiku kucha ni kumhukumu bila kumsikiliza.

Nne, mwenzako akikuambia ameumia, anza na "pole". Maelezo yatafuata. Pole si kukiri uadui, ni kukubali kwamba mahindi yameliwa.

Tano, katika kundi la simu la ukoo mtetee mwenzako. Kama una neno la kumkosoa, lina nyumba yake.

Maswali ya kujadiliana nyumbani

1. Ni mzaha gani wangu uliwahi kukuumiza nami sikujua?
2. Ni wapi mimi hukosea mlango kwa watu wa kwenu?
3. Ni maneno gani ninayoandika kwenye simu ambayo ungependa niyaseme kwa sauti?

Mkiyajibu haya, jibuni kwa zamu, mmoja akisema na mwingine akisikiliza hadi mwisho. Simu ziwekwe mbali.